Nyumba Kwanza

Saa sita mchana pale kijijini Ndjingala, wilayani Walikale, mashariki mwa Kongo, mawingu ya msitu yakipisha, jua huwaka juu ya mapaa kama halina mwenyewe. Kwenye kibanda cha kuchaji simu, betri imeshajaa. Taa ndogo ya kidhibiti imekuwa ya kijani, na ingawa paneli bado inaota jua, umeme wake hauna pa kwenda. Jioni wateja hufika kwa pamoja na simu zilizozimika, betri ikaelemewa mapema. Ndiyo maana mwenye kibanda ninayemfahamu huwasihi: "Mama, leta simu mchana, jioni uje kuichukua tu."

Hekima hiyohiyo ndiyo inayoendesha chaja za magari ya umeme katika nyumba nyingi za Ulaya zenye paneli za sola. Kihisi kidogo hufungwa kwenye waya mkuu wa nyumba, kikapima kama umeme unaingia au unatoka. Jokofu, taa na jiko vikishatosheka, na umeme ukaanza kutoka kwenda kwenye gridi, chaja huuelekeza kwenye gari. Wingu likipita, chaja hupunguza. Umeme uliobaki ukishuka chini ya ampea 6, ambazo kwa umeme wa fezi moja ni takriban kilowati 1.4, gari husubiri hadi jua lirudi.

Wahenga walisema akiba haiozi, na ni kweli. Lakini jua la mchana halina ghala kwa asiye na betri ya kutosha: hutumiwa kwa saa yake au hupotea. Neema nyingi za maisha ziko hivyo, nguvu za ujana zikiwa mojawapo. Anayezifaidi ni yule aliyekwishaandaa kazi ya kuzipa zinapofika, na anayejua kupunguza mwendo wingu linapopita bila kukata tamaa.

Hata hivyo, kinachonigusa zaidi katika chaja ile ni mpangilio wake: nyumba kwanza. Hakuna kinachohesabiwa kuwa ziada kabla wa ndani hawajatosheka.

Hapo ndipo ninapoikumbuka Bisie, mgodi wa bati wa Walikale. Karibu nusu ya bati la dunia huishia kwenye lehemu, ile inayounganisha vipande vya paneli na saketi za chaja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kasiterite ya Bisie, yaani madini yenye bati, ilitoka migongoni mwa watu, magunia mazito yakipita msituni hadi Ndjingala, kisha ndege ndogo zikaibeba kutoka barabara ya lami ya Kilambo hadi Goma. Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji wa kibiashara palepale Bisie, kwenye mgodi wa Mpama Kaskazini, ambako mwamba una kiwango cha juu cha bati kuliko karibu migodi yote duniani. Machi 2025 vita vilisimamisha kazi, ikaanza tena Aprili. Mali imetoka miaka yote hiyo, na vijiji vingi vya Walikale bado vinalala gizani. Kilichotoka hakikuwa ziada. Kilikuwa haki ya nyumba.

Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018 imejaribu kuweka kipimo mlangoni. Katika mrabaha, asilimia 50 huenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Lakini kipimo kisichosomwa na mtu hakilindi nyumba. Wazee na vijana wa Walikale wana haki ya kuuliza kila mwaka: ile 15 imefika kiasi gani, na imewasha taa ya zahanati ipi?

Swali hilo tulianzie pia mifukoni mwetu. Pesa ya mchanga wa madini ikilipwa, karo ya mtoto na dawa ya mama zitangulie, ndipo tuite marafiki. Ukarimu hauharibiki kwa kupangwa hivyo. Hudumu, kwa sababu anayetoa leo, kesho pia atakuwa na cha kutoa.