Kofia ya Kimia Huko Kabambare

Mtu akisikia habari za kofia ya sufu, mara huwaza nchi za theluji. Sisi nasi tuliwaza hivyo, mpaka alfajiri moja ya mwezi wa Julai tulipoamka huko Kabambare na kuitafuta sweta yetu gizani huku meno yakigongana.

Tulikuwa tumetoka Kasongo siku iliyotangulia, tukichukuliwa kwa pikipiki, kwa shughuli za shule. Njia yaelekea mashariki, katika nchi ya Wabangubangu, nayo ni njia ya zamani. Watu wa misafara waliotoka Ujiji walivuka Ziwa Tanganyika, wakapita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe. Livingstone naye alikaa hapo, mahali alipopaandika Bambarre, tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871, kwa maana vidonda vya miguu vilimzuia asiendelee. Misafara ile ilileta bunduki na minyororo, wala hatuwezi kuisifu. Lakini iliacha pia lugha hii tunayoiandika, na dini ya Kiislamu ambayo majirani zetu wengi wa Maniema wanaishika hata leo, na kofia nyeupe ya pwani.

Mzee aliyetupokea alikuwa amevaa kofia ya namna hiyo, ile iitwayo kofia ya vito. Tuliiangalia kwa karibu. Kitambaa chake hutobolewa vitundu vidogo sana, na kila kitundu huzungushiwa uzi pembeni kisipasuke, mpaka vitundu vyenyewe vinakuwa maua na nyota. Kazi ya kofia moja yaweza kumaliza miezi.

Mzee huyo ni Mwislamu; dada yake, ambaye alitupa chumba cha kulala, ni Mkatoliki. Huko Maniema jambo hilo halimshangazi mtu. Basi asubuhi ile ya baridi tulimkuta mama huyo, ambaye kila mtu humwita Koko kwa sababu ya wajukuu wake wengi, amekaa karibu na moto akifuma. Sindano zake zilikuwa spoku mbili za kinga, yaani za baisikeli, zilizonolewa juu ya jiwe. Uzi wake ulitoka katika sweta kuukuu ya mitumba: aliifumua, akaufua uzi, akauviringisha juu ya ubao ukiwa na maji ili mikunjo inyoke, akauacha ukauke.

"Koko, watengeneza nini?" tukauliza.

"Kofia ya mjukuu, mwalimu. Amezaliwa juzi, naye ni mdogo mno."

Mtoto alikuwa na kilo 1 na gramu 900. Waganga humhesabu mtoto kuwa mdogo akiwa chini ya gramu 2,500. Mtoto wa namna hiyo hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili, kwa hiyo joto humtoka upesi. Mwili wake ukishuka chini ya nyuzi 36.5, nguvu zote ambazo angezitumia kunyonya na kukua huishia katika kutafuta joto. Na usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa hazina mawingu, joto la ardhi hupotea juu, na asubuhi ukungu hulala bondeni. Theluji si lazima ili mtoto apate baridi.

Mama wa mtoto alikuwa chumbani, amemlaza kifuani pake ngozi kwa ngozi, na kumfunga kwa kitenge. Utaratibu huo ulianzishwa na waganga wa Bogotá, katika nchi ya Kolombia, mwaka 1978, walipokosa mashine za kutosha za kutia watoto joto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri uanze mara tu mtoto mdogo azaliwapo, kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Mtoto huvaa nepi na kofia tu; mama ndiye blanketi.

Tulipoiangalia kofia ya Koko tukaona imejaa matundu kama kimia. Tukacheka kidogo (na kicheko hicho tunakijutia), tukamwuliza baridi itazuiwaje na matundu. Hakukasirika. Alitufundisha kama tunavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza.

Alianza na vitanzi 64 juu ya sindano. Safu za kwanza, zile za masikioni, alizifuma bila tundu hata moja, tena ndefu, ili zikunjwe mara mbili. Kimia kilianza juu ya mkunjo. Ukitaka tundu, waupitisha uzi juu ya sindano bila kufuma. Hapo panazaliwa kitanzi kipya na chini yake nafasi wazi. Halafu wafuma vitanzi viwili pamoja kama kimoja, ili hesabu ibaki 64. Ukisahau la kwanza, tundu halipo na kofia inabana. Ukisahau la pili, kofia inapanuka. Juu ya utosi matundu yalikoma tena. Sisi tulisema mapambo yale ni majani ya muhogo. Yeye alisema ni nyayo za kuku, na kwamba aliyapenda matundu tangu utoto kwa kuiangalia kofia ya baba yake. Kufuma alifundishwa na masista.

Alikataa kutia kamba za kufungia chini ya kidevu. "Kamba hukaba," alisema, basi.

Alipoimaliza tukaenda naye kumvika mtoto. Kofia ikashuka mpaka machoni. Koko aliivua, akakaa chini, akaifumua yote mbele yetu. Kazi ya siku mbili! Tulimwomba aipunguze kwa sindano ya kushonea tu, lakini hakutusikia. Akaanza upya na vitanzi 56, na kuukaza uzi zaidi. Na kwa kuwa uzi uliotumika hukatika-katika, jioni aliona hautafika utosini.

Duka lenye sufu halikuwapo karibu. Usiku ulikuwa unaingia. Tuliivua sweta yetu ya kijani, ambayo mama yetu mzazi aliifuma, tukampa. Alitutazama kidogo, akafungua mshono wa mkono wa kushoto, akakata ukingo wake, akaanza kuvuta uzi.

Kofia ilikuwa ya kijivu, na utosi wa kijani. Ilikaa vema juu ya masikio, na mtoto akalala. Tulirudi Kasongo kesho yake kwa pikipiki, mkono mmoja ukiungua kwa upepo wa asubuhi.