Nilidhani brathe amevuta kitu, kumbe ni kifafa

Wasee, kuna video moja niliifuta. Wengine wenu mliiona. Brathangu mkubwa ameketi kwa kochi, anatafuna hewa, anafungua na kufunga kifungo kimoja cha shati, nami nyuma ya simu nacheka: "Buda, umevuta nini?" Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeposti.

Hakuwa amevuta kitu. Alikuwa katikati ya kifafa.

Mimi nilijua kifafa ni mtu kuanguka, kutupa miguu na kutoa povu. Brathe hakuanguka. Ukimwita anageuka, anakuangalia kama abiria wa matatu iliyoshaondoka, halafu anajibu kitu hakina maana. Siku tatu hivyo: asubuhi ana nafuu, jioni amepotea tena. Mathe akasema ni mawazo ya kukosa kazi. Jirani akasema aitwe pasta. Mimi nilikuwa na video yangu.

Hospitali ya kwanza walimpima malaria na sukari, wakatuambia tumpeleke kwa wanaotibu akili. Ya pili, daktari aliuliza swali moja: "Kuna mtu alimrekodi?" Mathe akaniangalia. Nikatoa simu. Daktari aliitazama mara tatu na hakucheka.

Alitueleza kuwa kuna kifafa kinachoendelea kwa saa nyingi, hata siku, bila mwili kutikisika. Hapa kwetu Kilifi, miaka ya 1990, watafiti waliwabandika waya za EEG watoto waliozimia kwa malaria ya ubongo, wakakuta wengine wako ndani ya kifafa na dalili ya nje ni ndogo sana, kama jicho kwenda upande au kidole kucheza. EEG husoma umeme wa ubongo, na ndiyo kipimo cha kwanza cha kifafa cha aina hii.

Lakini mawimbi ya brathe hayakusema ndiyo wala la. MRI haikuonyesha kitu. Dawa za kwanza zilisaidia kidogo, na hakuna aliyekuwa na hakika kama ni dawa au ni vile anakuja na kupotea. Kuongeza dawa kali si mchezo, zinaweza kumlaza mtu hadi ashindwe kupumua vizuri. Ndipo wakataja skani ya PET.

Hii haisomi umeme, inafuata sukari. Ubongo wako ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Seli zinazorusha umeme bila kupumzika hula hata zaidi. Kwa hivyo wanakudunga kitu kinachofanana na sukari, kimetiwa mionzi kidogo, unalala kwa chumba kimya bila simu, halafu mashine inachora sukari imeenda wapi. Ile mionzi hupungua nusu kila dakika 110, kwa hivyo haiwezi kuwekwa stoo ingoje wiki ijayo. Mashine zenyewe nchini ni chache na bei inauma. Ada yangu ya muhula iliishia pale.

Kwenye picha, sehemu moja karibu na sikio la kushoto iling'aa kama makaa yaliyopulizwa. Ni upande ule ule ambao EEG ilikuwa na shaka nao. Daktari hakusherehekea. Alisema hata ubongo uliovimba kwa ugonjwa mwingine unaweza kung'aa hivyo, ndiyo maana skani husomwa pamoja na EEG na vipimo vingine, si peke yake. Lakini sasa alikuwa na sababu ya kuongeza dawa. Siku ya nne brathe alifungua macho, akauliza nani amechukua chaja yake. Mathe alitoka nje kulia.

Kampasi sikurudi. Si ada pekee, nisidanganye, lakini ilianzia hapo.

Sasa, sisemi kila mtu akimbilie PET. Wengi EEG inatosha, na daktari akishuku kifafa hangoji skani ndiyo aanze matibabu. Ninachosema ni kwamba sote nyumbani tulikuwa na jibu kabla ya kuuliza swali. Madawa, mawazo, mapepo. Mtu wako akibadilika ghafla, anazubaa, anatafuna hewa, anarudia kitu kimoja na mikono, angalia saa. Rekodi uso na mikono, ndiyo, lakini video iende kwa daktari. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na uulize waziwazi: hii inaweza kuwa kifafa? Anaweza kufanyiwa EEG?

Brathe alipopata nguvu aliomba kuona ile video. Aliitazama yote, kimya. Akasema hakumbuki hata kuvaa ile shati. Halafu akauliza watu wangapi waliiona.

Nikamwambia idadi. Hakusema kitu, akanirudishia simu. Niliifuta mbele yake, na kwa wale wote waliokuwa wameituma kwa magrupu yao, siwezi kuwafikia.

Kama iko kwa simu yako bado, nakuomba, ifute.