Twiga wa Tata

Kenyenya hakuna twiga. Kuna migomba, majani chai na mvua ya kila alasiri. Lakini mimi nimelelewa kwenye nyumba iliyojaa twiga. Tata alikuwa akileta mawe ya sabuni kwa boda kutoka Tabaka, anayachonga uani kwa panga na kisu. Mama anayalowesha maji na kuyapiga msasa mpaka vidole vinapauka.

Nilipoingia chuo Nairobi nikajifunza kuona aibu. Krismasi moja nilimkuta akichonga Maria na Yusufu, oda ya duka la mjini. Nikamwambia, "Tata, hii si sanaa yetu. Ni ya wazungu na watalii. Ong'esa wa Tabaka ndege wake yuko UNESCO, Paris. Wewe unachonga pango la Krismasi."

Hakugombana nami. Aliuliza tu, "Ada yako imelipwa na twiga wangapi?"

Mwaka uliofuata, darasani, tulionyeshwa sanaa ya Nanban. Wareno walifika Japani mwaka 1543. Mwaka 1549 akafuata mmisionari Francis Xavier, yule yule aliyekuwa amepita Malindi mwaka 1542. Wachoraji wa Kijapani wakaanza kuwachora wageni hao kwenye viambaza vya karatasi vinavyokunjwa, vyenye dhahabu: meli kubwa nyeusi, mapua marefu, suruali zilizofura kama magunia. Mada ililetwa na meli. Karatasi, dhahabu na jicho vilikuwa vya wenyeji. Leo Wajapani wanavitunza kama hazina, na hakuna anayesema si vyao.

Nikamkumbuka Maria wa Tata. Kwetu Gusii habari zake zilikuja na wamisionari, Wakatoliki wakianzia Nyabururu mwaka 1911. Sawa. Lakini yule wa uani alikuwa amefunga kitambaa kama mama akienda kanisani, na mtoto yuko mgongoni, amefungwa leso. Nilikuwa nimemshika mkononi nikihutubu, na sikumwona.

Duka lilikuwa limemrudisha. Walitaka mtoto apakatwe. Tata akachonga mwingine.

Sasa mikono yake inatetemeka, panga limetundikwa. Mwezi wa nane nilienda nyumbani, nikamkuta Maria juu ya kabati, kando ya redio. Nikamwambia nataka kumnunua, nimweke kwa nyumba yangu Nairobi.

"Huyo hauzwi," akasema.

Nikaomba msamaha. Akaniambia nichukue twiga, wako wengi.