Shokamzoba Zilizoinama, Kutoka Meru Hadi Embu

Barabara ya Meru kwenda Embu haimfichii dereva kitu. Inazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na mito mingi inayoshuka kutoka mlimani inaikata, ikiwemo Mutonga, Nithi na Thuci. Kila mto una mteremko wake, kona zake, daraja lake na mpando wake. Kilichokaa vibaya chini ya gari kitajulikana kabla ya mto wa pili.

Nilikuwa na Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ile yenye springi za koili mbele na nyuma. Gereji moja ya Nairobi ilikuwa imelinyanyua gari sentimita 5 hivi kwa springi ndefu na shokamzoba mpya, maana nilitaka kulipeleka Chogoria, kwenye njia ya msituni ya karibu kilomita 30 inayopanda hadi lango la hifadhi, mita zipatazo 2,950 juu ya bahari. Njia ile ina mawe, mizizi na matope, na gari lililokaa chini huburuza tumbo. Lakini tangu Nkubu nilisikia mlio mkavu nyuma upande wa kushoto, na kwenye kona mkia wa gari ulikuwa ukichelewa kidogo, kisha unakuja wote kwa mkupuo.

Igoji nilisimama nikalala chali chini ya gari. Shokamzoba ya kulia ilikuwa imesimama karibu wima. Ya kushoto ilikuwa imeegama, na raba ya bushi yake imebinywa upande mmoja.

Kando yangu ilisimama Hilux ya kubeba miraa. Dereva wake akaja kuchungulia, akacheka, akaniambia hata zake zimepishana. Kweli: kwenye Hilux ile shokamzoba moja ya nyuma imefungwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Hivyo ndivyo ilivyoundwa kiwandani, ili ekseli iliyofungwa kwenye springi za majani isijipinde dereva anapokanyaga mafuta. Nawasihi wenye magari ya aina hiyo wasiruhusu fundi yeyote “kuzinyoosha”. Langu lilikuwa jambo jingine. Kwenye gari la koili, pande mbili za nyuma zinapaswa kufanana kama zilivyotoka kiwandani, na za langu hazikufanana.

Niliteremka Nithi kwa gia ndogo, nikiacha nafasi kubwa mbele yangu. Julai 2022 basi lilitumbukia mtoni kutoka kwenye daraja la hapo, wakafa watu zaidi ya 30. Hapo si mahali pa kujaribu gari ambalo mkia wake una akili yake.

Chuka nilimpata fundi wa jua kali, mzee aliyeanza kwa kuuliza kabla ya kushika spana.

“Mwanangu, walipokaza hizi bolti, gari lilikuwa chini au lilikuwa kwenye jeki?”

“Lilikuwa juu, mzee. Magurudumu yananing’inia.”

Akatikisa kichwa. Bushi za raba hushikwa na bolti katika pembe ile ile zilipokazwa. Zikikazwa gari likiwa hewani, likishuka raba zote hujisokota, na hukaa zimesokotwa mchana na usiku hadi zipasuke. Akazilegeza zote, za shokamzoba na za mikono inayoishika ekseli, tukalisukuma gari mbele na nyuma, akalirukiarukia bampa, kisha akazikaza uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. Mlio ukaisha palepale.

Mwegamo ulibaki. Kijana mmoja alishauri tukate kishikio cha chini cha shokamzoba tukichomelee kando kidogo. Mzee akamkatalia kabisa, nami namuunga mkono: shokamzoba ilikuwa inaonyesha tu mahali ekseli ilipokwenda. Akachukua timazi ya fundi wa mawe, akaining’iniza kutoka ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu. Tairi la kushoto lilikuwa limetokeza nje, la kulia limeingia ndani.

Chanzo ni fimbo ya Panhard, chuma kinacholala kukingama gari: ncha moja imefungwa kwenye fremu, nyingine kwenye ekseli, kuizuia ekseli isihame kushoto wala kulia. Fikiria ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ukiipandisha ncha ya juu, mguu wake husogea ukutani. Kwa fimbo ya sentimita 90 ambayo ncha yake ya fremu iko sentimita 10 juu ya ile ya ekseli, kunyanyua sentimita 5 zaidi huivuta ekseli milimita 7 kuelekea upande wa ncha ya fremu. Upande mmoja unaongeza 7, mwingine unapoteza 7, na shokamzoba zinafuata.

Dawa ni fimbo inayorefushwa kwa nyuzi na nati za kufungia. Mzee hakuwa nayo, akanielekeza Embu. Nikavuka Thuci, nikapita Runyenjes taratibu, na mjini Embu nikaipata. Fundi wa huko aliifunga gari likiwa chini kwenye sakafu iliyo sawa, akaizungusha kidogo kidogo huku mwenzake akisoma timazi, hadi pande zote mbili zikalingana. Kisha akapandisha gurudumu moja juu ya rundo la matofali, jingine likaning’inia, akakagua kama mpira wa breki umevutika na kama shokamzoba inagusa springi. Hakuna kilichogusa.

Aliniagiza nizikague nati zile baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya, maana nyuzi mpya hukaa zikishapigwa na mtikisiko. Spana ya saizi yake sasa iko chini ya kiti, na safari hiyo ya kwanza ni ya Chogoria.