Kumpikia Mzee Kuku Pasipo Mafuta Mengi

Wasomaji wapenzi, twajua ya kuwa wengi wenu watacheka wakiona mwalimu wa shule, mwanamume mwenye mke na watoto, anaandika habari za sufuria na mwiko. Hatuwakatazi, sisi wenyewe tumecheka sana. Lakini jambo hili lilianza kwa hofu wala si kwa mzaha. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi wamo wazee wenye ugonjwa kama wa baba yetu, twaona yafaa kueleza yaliyotupata, ili mwenzetu mmoja apate kuepuka makosa tuliyoyafanya.

Baba yetu ni mzee wa miaka 70 na zaidi. Kazi yake ilikuwa useremala, na milango ya nyumba nyingi katika kijiji chetu, huku Bonde chini ya milima ya Usambara, ilitoka katika mikono yake. Mwezi wa Juni mwaka 2023 alishikwa na kizunguzungu, akaanguka uani. Tukampeleka hospitali, akapimwa, ikaonekana ana ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao watu huuita presha. Daktari akampa vidonge vya kumeza kila siku. Kisha akatuita kando akatuambia ya kuwa vidonge peke yake havitoshi. Yapasa chumvi na mafuta yapunguzwe katika chakula chake. Akatueleza ya kwamba ugonjwa huu kwa kawaida haumpi mtu maumivu, naye aweza kuishi nao miaka mingi asijue, hata siku moja mshipa wa ubongo unapoziba au kupasuka, akapooza upande mmoja au akafa.

Juma lile lile ikaja habari ya kuwa mama mkwe wetu amevunjika mguu. Mke wetu akafunga mzigo akaenda kwao Korogwe kumwuguza. Nyumbani tukabaki sisi, baba, na watoto wawili. Nasi tangu utoto tulikuwa watu wa kupikiwa: nyumbani alitupikia mama, bwenini alitupika mpishi wa shule, na baada ya ndoa alitupikia mke. Tulijua kuchemsha chai, basi.

Siku ya Jumapili ya kwanza tulitaka kumshukuru Mungu kwa kuwa baba amerudi mzima, tukaona hapana budi kuchinja kuku. Ninyi mwajua desturi yetu. Kuku wa kienyeji si chakula cha kila siku. Huchinjwa kwa ajili ya mgeni, au sikukuu, au mtu aliyetoka katika hatari. Tukampigia simu mke wetu kumwuliza jinsi ya kumpika, akacheka mpaka simu ikakatika. Basi tukafanya kama tulivyoona wafanyavyo wachuuzi barabarani: tukamimina mafuta mengi katika sufuria, yakafoka, tukatumbukiza vipande vya kuku vikali mbichi. Nje vikaungua vikawa vyeusi, na ndani damu ilikuwa ikali nyekundu. Chumvi tulitia sisi, na mtoto mkubwa akatia tena asijue. Baba akatwaa kipande kimoja, akajaribu, akakiweka chini polepole. Akasema, "Nimeshiba, mwanangu. Asante." Naye alikuwa hajala matonge matatu.

Usiku ule hatukupata usingizi mapema. Maana tulikumbuka maneno ya daktari, tukaona ya kuwa tumempikia mzee vitu vile vile alivyokatazwa, tena kwa jina la heshima.

Tangu siku ile tukaingiwa na hofu, tukaangukia kosa la pili. Kila chakula cha baba tulikichemsha kwa maji matupu, pasipo chumvi, pasipo mafuta, pasipo hata kitunguu. Kuku tulimchemsha vivyo hivyo, akawa mgumu kama kamba, na maji yake meupe kama maji ya kuoshea vyombo. Mzee aliponung'unika tulimsomea habari ya Danieli na wenzake, jinsi walivyokula mboga na kunywa maji siku kumi, na nyuso zao zikaonekana njema kuliko za vijana wengine. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Danieli alichagua mwenyewe." Hatukuwa na jibu.

Zikapita kama siku kumi na mbili. Mzee akakonda. Asubuhi moja tulipokuwa tukikung'uta matandiko yake, tukaona fundo dogo katika pindo la shuka. Tukalifungua, kumbe ni chumvi. Alikuwa amempa mjukuu wake mdogo fedha akamnunulie dukani kwa siri. Kwanza tulikasirika, kama mwalimu aliyemwona mwanafunzi akinakili katika mtihani. Lakini tulipolishika fundo lile mkononi, hasira ikageuka kuwa aibu. Mtu aliyetulisha tangu tulipokuwa hatuna meno, sasa anaficha chumvi katika nyumba ya mwanawe kama mwizi! Tukalifunga tena kama tulivyolikuta.

Jioni ile baba alisema mwenyewe, pasipo kuulizwa. "Mwanangu, mimi sikatai neno la daktari. Vidonge vyake ninavimeza. Lakini chakula hiki ni cha mtu asiye na mtu. Mwenye watoto hupikiwa."

Kesho yake tulikwenda kwa jirani yetu, bibi mmoja mjane ambaye amepika katika harusi nyingi za kijiji hiki. Tulimkuta akipepeta mchele. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Leo umekuja kufundisha au kufundishwa?" Tukamwambia ya kuwa tumekuja kufundishwa, tukamweleza habari yote, hata ile ya chumvi. Hakucheka. Alisema, "Ninyi watu wa vitabu mwadhani utamu ni mafuta na chumvi tu. Mama yangu mafuta ya dukani aliyapata kwa nadra, na kuku wake watu walikuwa wakilamba vidole. Lete kuku kwangu Jumamosi."

Basi haya ndiyo tuliyofundishwa, nasi twayaandika kwa utaratibu, ili asiyejua apate kuyafuata.

Kuku alipokwisha kunyonyolewa, bibi alituagiza tumchune ngozi, na mafuta yale ya manjano yaliyo karibu na mkia tuyaondoe. Maana mafuta mengi ya kuku yamo katika ngozi na chini yake. Baadaye tulisoma ya kuwa gramu 100 za nyama ya kidari iliyopikwa pasipo ngozi zina gramu 4 hivi za mafuta, lakini pamoja na ngozi yake huwa karibu mara mbili. Akatukataza pia kukata nyanya juu ya ubao uliokatiwa nyama mbichi kabla ya kuuosha kwa maji ya moto na sabuni, na kisu chake, na mikono yetu pia, kwa kuwa nyama mbichi ya kuku yaweza kuleta ugonjwa wa tumbo.

Tukakata finyango nane. Tukazipaka kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, na maji ya ndimu moja, tukaziacha kwa muda wa saa moja. Kisha tukazitia katika sufuria na maji ya kuzifunika, tukapunguza moto. Hapa ndipo tulipojifunza kosa letu kubwa. Kuku wa kienyeji, hasa aliyekomaa, hataki moto mkali. Ataka moto wa pole na muda mrefu. Tulimwacha atokote kwa saa moja na nusu, huku tukiengua povu. Tulikuwa tukisimama kila mara kuchochea kuni, na kila mara bibi alituambia, "Keti, mwalimu. Haraka haraka haina baraka." Nyama ilipokuwa laini tukaipua, tukaacha supu ipoe kidogo. Mafuta yakapanda juu kama madoa ya dhahabu, tukayaengua kwa kijiko.

Kisha bibi akatia katika sufuria nyingine kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta kwa ajili ya chakula cha watu watano. Hicho kimoja kina gramu 14 hivi za mafuta. Nasi mara ya kwanza tulikuwa tumemimina kama nusu chupa! Akatia vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba. Vilipoanza kushika hakuongeza mafuta, bali alinyunyiza supu kidogo, vikalainika na kuwa na rangi ya asali. Jambo hili dogo ndilo lililotushangaza kuliko yote, kwa maana tulidhani kitu kikishika katika sufuria dawa yake ni mafuta tu. Kisha akatia bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, na manjano kidogo, na nyanya nne. Zilipopondeka akarudisha nyama, akamimina supu, akaacha itokote tena kwa dakika ishirini mpaka mchuzi ukawa mzito wenyewe.

Na chumvi? Bibi alitia nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima, tena mwishoni, kisha akakamulia ndimu. Akasema ya kuwa ulimi ukipata ukali wa ndimu na tangawizi, haudai chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, katika vyakula vyake vyote. Nasi tulikuwa tukimaliza kiasi hicho katika mlo mmoja.

Tui hatukutia siku hiyo. Bibi alisema nazi si adui, lakini tui la kwanza lina mafuta mengi; mwenye ugonjwa akipenda apewe tui la pili, nusu kikombe, siku moja moja. Mchicha tuliuchemsha kwa supu iliyobaki, pamoja na kitunguu.

Tukabeba chakula nyumbani. Tukanawa, tukaomba, tukampakulia baba kwanza. Na katika bakuli lake, juu ya nyama, tukaweka firigisi. Ninyi mwajua ya kuwa firigisi ni fungu la mwenye nyumba. Siku zile za maji matupu tulikuwa tumewapa watoto, tukidhani kila kilicho kizuri ni cha kukatazwa. Kumbe firigisi haina mafuta mengi. Baba aliiona, akanyamaza. Akamega ugali, akachovya, akala. Nasi tulikuwa tukimtazama kwa wizi, kama wanafunzi wanaongoja mwalimu asahihishe hesabu. Baada ya muda akasema, "Hebu niongezeeni mchuzi."

Alipokwisha kunawa akafungua pindo la shuka lake, akatoa lile fundo, akampa mjukuu wake mdogo. Akamwambia, "Kairudishe jikoni." Hakusema neno lingine juu ya jambo lile, wala sisi hatukusema.

Tangu siku ile tumepika mara nyingi, wala si mara zote tumepata. Siku moja tulisahau ndimu. Siku nyingine tulichoma vipande juu ya makaa kabla ya kuvichemsha, vikawa vigumu tena. Sasa twajua: kuku wa kienyeji achemshwe kwanza mpaka alainike, ndipo achomwe juu ya makaa yasiyo na moto wa kuruka. Na yule wa kisasa, ambaye huiva upesi, achomwe kisu pajani; maji yakitoka meupe ameiva, yakitoka mekundu arudishwe.

Baada ya miezi mitatu tulirudi hospitali. Daktari akampima baba, akasema shinikizo limeshuka, akatuonya sana tusiache vidonge kwa sababu ya kuona nafuu. Mke wetu aliporudi kutoka Korogwe, alionja mchuzi wetu, akatutazama, akaonja tena. Tangu hapo siku ya Jumamosi jiko ni letu. Wanaume wengine walitucheka kisimani na njiani. Lakini jioni moja mmojawapo wa wale waliocheka alikuja kwetu giza limekwisha ingia, akakaa sana akizungumza habari za mvua, kisha akauliza kwa sauti ndogo kile kijiko cha mafuta ni kikubwa au ni cha chai. Mke wake naye ameambiwa ana presha. Tukamweleza, wala hatukumcheka.

Basi, wasomaji wapenzi, mwenye mgonjwa wa namna hii na afuate neno la daktari kwa uaminifu. Lakini akimwondolea mzee mafuta na chumvi, asimwondolee na heshima. Pahali pa mafuta na atie muda. Pahali pa chumvi na atie ndimu na tangawizi. Na firigisi impate mwenyewe. Na asiyejua kupika asione haya kwenda kuuliza kwa jirani, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Sisi tuliuliza tukiwa tumechelewa, na kama baba asingalificha chumvi ile, labda tungalikuwa tukimchemshia maji matupu hata leo, tukidhani tunampenda.