Nilianza na prosesa, nikasahau ubao mama

Nimepotea kwa muda, na wanaonijua watakuwa wamekisia sababu: kompyuta. Haikufa, ilizeeka tu. Niliamua kuiongezea nguvu kwa pesa kidogo, nikaishia kupoteza shilingi 2,500 na usingizi wa siku nne kwa kosa ambalo swali moja tu lingelizuia. Leo nawapa swali lenyewe, bure.

Nianze na hali ilivyokuwa mwezi wa Oktoba 2025. Mimi ni mtunzi wa programu na ninafanyia kazi nyumbani hapa Nairobi. Kompyuta yangu niliiunganisha mwenyewe miaka mingi iliyopita: prosesa ya Intel Core i5-6500, chipu iliyotoka 2015 ikiwa na viini vinne, ubao mama wenye chipseti ya H110, na vipande viwili vya RAM ya DDR4, GB 8 kila kimoja. Kadi ya picha sikuwa nayo. Picha zote za kwenye skrini zilitoka ndani ya prosesa yenyewe. Kumbukeni hilo, litarudi.

Kazi niliyokuwa nayo ni programu ya duka la jumla. Sehemu moja inakaa kwenye Windows pale kaunta, nyingine kwenye simu ya mwenye duka. Kila nilipobadilisha mstari mmoja na kuijenga upya programu ya simu, nilisubiri dakika kumi na moja. Nikiwasha na simu ya kuigiza kwenye skrini, hata kipanya kilikuwa kinasita. Unaweza kupika ugali, ukala, ukaosha sufuria, urudi ukute bado. Halafu msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mteja alitaka programu ijaribiwe kwenye Windows 11. Orodha ya prosesa ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11, kwa upande wa Intel, huanzia hasa kizazi cha nane. Yangu ilikuwa ya kizazi cha sita.

Pesa nilizokuwa nazo ni shilingi 35,000. Ilikuwa zamu yangu ya chama. Mke wangu alikuwa na mpango wa tangi la maji, lakini tulikaa tukakubaliana: kompyuta kwanza, kazi ikamilike, mteja alipe, kisha tangi. Kwa hiyo elfu thelathini na tano hizo zilikuwa tangi la maji lililoazimwa.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Nilijiambia kwamba kompyuta ni prosesa. Nikasoma kuhusu prosesa usiku mzima, nikaona Core i5-8400 ya mwaka 2017: viini sita badala ya vinne, kizazi cha nane, Windows 11 inaikubali. Na cha kufurahisha zaidi, soketi yake ni LGA1151, sawasawa na ya i5-6500 yangu. Jina hilo linatokana na pini 1,151 zilizo kwenye ubao. Nikapiga hesabu: natoa chipu ya zamani, naweka mpya, kwisha. Sinunui ubao, sinunui RAM.

Nikashuka mjini. Kijana wa dukani aliniuliza, "Mkubwa, ubao wako ni soketi gani?" Nikamwambia 1151. Akasema, "Basi itaingia." Hakudanganya. Iliingia vizuri kabisa. Nililipa 9,000 kwa simu, nikafika nyumbani, nikaifunga, nikapaka ile krimu ya joto, nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Nilitoa RAM nikarudisha. Nilibadilisha waya wa skrini. Nilitoa ile betri ndogo ya ubao nikasubiri dakika kumi. Nyeusi. Nikarudisha i5-6500 ya zamani na kompyuta ikawaka mara moja, kama inanicheka. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kutoka nyumbani: nikafungua ukurasa wa mtengenezaji wa ubao wangu, kwenye orodha ya prosesa unazozikubali. Kizazi cha sita, ndiyo. Cha saba, ndiyo. Cha nane hakipo.

Maelezo ni haya. Intel ilipotoa kizazi cha nane cha kompyuta za mezani mwaka 2017 ilibaki na pini 1,151, lakini ikabadilisha kazi za baadhi ya pini hizo, zaidi zikawa za kubeba umeme, na ikadai ubao wenye chipseti za mfululizo wa 300, kama H310 au B360. Umbo ni moja, makubaliano ni mengine. Ni kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa lakini hauzunguki.

Nilirudi dukani. Pesa hazirudishwi, niliambiwa, na sikuwa na la kujibu kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kizima. Usiku huo mke wangu aliniuliza, "Baba watoto, ile kompyuta imepona?" Nikasema bado kidogo. Jamani, "bado kidogo" ni maneno mazito ukijua tangi liko wapi.

Siku mbili baadaye nilimpata kijana mwenye ubao wa H310 aliyekuwa akitafuta chipu hiyo hiyo. Tuliijaribu kwenye kompyuta yake, ikawaka, akanipa 6,500. Nikabaki na 32,500 na akili kidogo zaidi. Safari hii nilianza kwa ubao. Niliandika kwenye karatasi vitu nilivyonavyo na ambavyo sitaki kununua tena: RAM ya DDR4, kasha la kawaida, pawasaplai nzima, na kwamba sina kadi ya picha. Kila chaguo likapita kwenye karatasi hiyo.

AM5 ya AMD, iliyotoka 2022, ni soketi yenye maisha marefu mbele, lakini inakubali DDR5 tu. Ningelazimika kununua RAM upya, na mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilikuwa zimepanda kote duniani kwa sababu viwanda vilikuwa vinalisha vituo vya data vya akili mnemba. Vipande vyangu viwili vya zamani vilikuwa vimegeuka mali. AM5 ikatoka.

La pili lilikuwa Core i3-12100 ya mwaka 2022 kwenye ubao wa H610. Chipu nzuri: viini vinne lakini nyuzi nane, kila kiini kina kasi kubwa kuliko vya zamani, na picha inatoa yenyewe. Soketi yake, LGA1700, inapokea vizazi vya 12, 13 na 14, kwa hiyo kesho unaweza kupanda. Tahadhari mbili tu. Ubao wa H610 hutengenezwa wa aina mbili, wa DDR4 na wa DDR5, na kwa macho vinafanana. Na ukiona herufi F mwishoni, i3-12100F, bei inashuka lakini picha hakuna. Bila kadi ya picha umenunua giza.

La tatu lilikuwa AM4, soketi ya AMD iliyoanza 2016 na inayotumia DDR4. Hapa kila mtu anataja Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022: viini sita, nyuzi kumi na mbili, wati 65. Nilikuwa karibu kuinunua kabla sijatazama karatasi yangu. Ryzen 5 5600 haina picha ndani! Ningerudi kwenye skrini nyeusi kwa mara ya pili. Dada yake, Ryzen 5 5600G ya 2021, ina viini na nyuzi zile zile, wati zile zile, na picha inatoa. Unachotoa sadaka ni akiba ya ndani ya chipu, MB 16 badala ya 32, na njia ya PCIe ya kizazi cha tatu badala ya cha nne. Kwa mcheza michezo hilo ni jambo. Kwa mimi ninayejenga programu, viini sita na skrini inayowaka vilitosha.

Ubao je? B550 ni mzuri, lakini sifa yake kubwa ni PCIe ya kizazi cha nne, ambayo 5600G haiwezi kuitumia. Ningekuwa nalipia barabara ambayo gari langu haliruhusiwi kupita. B450 za mtumba zilikuwepo, ila ni za tangu 2018, na bila BIOS mpya hazitambui chipu za mfululizo wa 5000. Nikachukua A520: nafasi mbili za RAM, hairuhusu kuongeza kasi ya chipu kupita kiwango chake, na sikuhitaji hilo.

Na safari hii sikulipa kwanza. Nilibeba RAM yangu kwenye mfuko wa shati, nikamwomba fundi tuunganishe pale pale juu ya meza ya duka. Aliguna, lakini aliunganisha. Skrini ikawaka, nikaingia kwenye BIOS, nikaona jina la prosesa na GB 16 za RAM. Ndipo nikatoa simu nikalipa. Chipu na ubao vilinigharimu 28,500.

Programu ile ya dakika kumi na moja sasa inajengwa kwa dakika nne na kitu. RAM yangu ni ya kasi ndogo, MHz 2133, wakati chipu hii ingependa 3200, kwa hiyo najua kuna nguvu kidogo naiacha mezani. Itasubiri bei zishuke. Windows 11 iliingia bila ubishi. Kazi niliikabidhi siku mbili kabla ya tarehe, mteja akalipa, na tangi liko juu ya paa, jeusi, lita 1,000. Kila nikisikia maji yakijaa, nakumbuka ile skrini.

Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: ubao huu, kwa jina lake kamili na toleo lake, unaikubali chipu hii, kwa jina lake kamili? Usiulize soketi tu. Orodha hiyo watengenezaji wakubwa huiweka kwenye tovuti zao, na kuisoma ni dakika tano. Na kama kompyuta yako ni mtumba wa ofisi wa kampuni kubwa, ongeza la pili kabla ya kuwaza ubao mpya: pawasaplai na kasha ni vya vipimo vya kawaida? Mara nyingi si vya kawaida, na hapo ubao wa dukani hautaingia hata ukiusukuma kwa maombi.

Kuuliza si ujinga. Mimi nilijifanya mjuzi, nikalipa 2,500 ya karo. Haya, nirudi kazini, mwenye duka anataka risiti ziwe na nembo.