Nyumba ni ya Wifi

Kijijini kwa mume wangu ndoa ikivunjika, anayefunga mizigo ni mwanamume. Mke habanduki. Nyumba ni yake, amepewa na wazazi wake, na aliyekuja na begi huondoka na begi. Hayo nimeyaona kwa macho yangu huko Pidie, katika mkoa wa Aceh, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia. Nayaandika kwa sababu yamegeuza maisha yangu na ya dada yangu, na Mungu akipenda yatageuza ya binti yangu pia.

Mimi ni Mpemba, mzaliwa wa Wete. Mwaka 2007 niliachwa na mume wangu wa kwanza. Nyumba tuliyokaa tuliijenga pamoja: maji ya kufyatulia matofali niliyabeba mimi, na mabati ya vyumba viwili yalitokana na fedha zangu za vitumbua. Talaka ilipotoka nilipakia kitanda changu, masufuria na nguo kwenye gari la ng'ombe, nikarudi kwa baba. Hakuna karatasi iliyonitaja, wala aliyeuliza nilichangia nini. Mama alinipokea mlangoni akasema, "Karibu kwenu, mwanangu." Neno hilo ndilo lililoniliza zaidi, maana nilijua kwamba hata pale sina changu. Baba akifumba macho nyumba itagawanywa, na kaka zangu wana wake zao na watoto wao.

Baadaye nikapata nafasi ya masomo Kuala Lumpur. Mtaa wa Chow Kit umejaa maduka ya rejareja ya Waaceh, na katika mojawapo nilikuwa nikinunua mchele na nazi. Aliyekuwa akinipimia ndiye mume wangu leo. Nilimuuliza kwa nini vijana wa kwao, hasa wa Pidie, wamejaa ugenini kiasi kile. Akanijibu kwa swali: "Ningekaa wapi?"

Sikumwelewa mpaka nilipofika kwao, mwaka 2012. Ndege ilitua Blang Bintang, nje ya mji wa Banda Aceh, tukapanda basi dogo aina ya L300 ambalo huko ndilo gari la abiria la masafa marefu. Dereva aliendesha kwa kasi iliyonifanya nisome kila dua ninayoijua. Tuliupanda mlima Seulawah, kima wamekaa pembezoni mwa njia wakingoja abiria wawarushie ndizi. Tukapumzika Saree kula viazi vitamu vya kukaanga. Kisha tukateremka Padang Tiji, na kuanzia hapo ni mabonde ya mpunga mpaka upeo wa macho. Beureunuen tulishuka sokoni, tukamalizia safari kwa becak, pikipiki yenye kigari ubavuni, mizigo mapajani. Siku hizi kuna barabara ya kulipia ya kilomita 74 kati ya Sigli na Banda Aceh, na vipande vyake vilianza kufunguliwa mwaka 2020. Safari imekuwa fupi. Mimi bado naipenda ile ya mlimani, ingawa sitaki kuwa na dereva yule tena.

Nyumba tuliyofikia ni ya wifi yangu. Ni ya mbao, ya zamani, imesimama juu ya nguzo, mtu mzima anapita chini yake bila kuinama. Chini ya ngazi pana mtungi wa maji wa kunawia miguu. Mlango umewekwa mfupi makusudi, kila aingiaye huinamisha kichwa, awe nani. Sebule ya mbele ni ya wageni, ya kati imeinuliwa kidogo na ndiyo yenye chumba cha wenye nyumba, ya nyuma ni ya wanawake na jiko. Hakuna msumari hata mmoja. Mbao zimepitishwa matunduni na kukazwa kwa kabari, kiasi kwamba nyumba nzima inaweza kufunguliwa kipande kipande ikasimamishwa kwingine. Asubuhi ya kwanza nilimkuta wifi anaanika birimbi. Ndizo zile zile za kwetu, ila sisi tunazitia kwenye achari, wao huzianika juani na kuzikoroga na chumvi siku baada ya siku hadi zinakuwa nyeusi na kunata, kisha huzisaga na pilipili za mchuzi wa samaki. Nilishika moja nikanusa, nikajua hapa nitaweza kuishi.

Kwa vizazi, Pidie na Aceh Besar, binti ndiye anayepewa nyumba. Wazazi wenye uwezo humjengea kila binti nyumba yake katika kiambo hicho hicho; wasio na uwezo humwachia sehemu ya nyumba wanayokaa, au bonde la mpunga. Hupewa baada ya kuolewa, pale yeye na mumewe wanapotengana na chungu cha wazazi, na makabidhiano hufanywa hadharani, mbele ya mkuu wa kijiji na imamu. Mali hiyo huitwa peunulang. Jambo lililonishika ni hili: hayo si mirathi. Waaceh ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kama sisi, na mzazi akifa wanagawana kwa faraidhi, mwana wa kiume mafungu mawili na wa kike moja, bila mabishano. Lakini nyumba huwa imeshatoka mkononi mwa mzazi akiwa hai. Haimo katika kinachogawanywa.

Ndipo nikaelewa lile swali la mume wangu. Zamani mvulana akikaribia kubaleghe alikwenda kulala meunasah, jengo la kijiji la kusalia na kufanyia vikao, kwa sababu nyumba ni ya mama na dada zake. Akioa anahamia kwa mke. Kati ya nyumba ya mama na nyumba ya mke imebaki njia, na wanaume wa Pidie wameifuata hadi Medan, Jakarta, Penang na Kuala Lumpur, wakifanya biashara na kurudi mwisho wa Ramadhani na fedha na zawadi. Kijiji kinabaki mikononi mwa wanawake: mama, mabinti, dada na shangazi ua kwa ua, nao ndio wanaopandikiza mpunga na kuuvuna.

Hata nauli hutoka shambani. Mume wangu aliposafiri, mama mkwe aliweka bonde lake rehani. Huko rehani ya bonde haipimwi kwa rupia bali kwa dhahabu, kwa kipimo chao cha mayam, ambacho ni gramu 3.3 hivi. Mwenye kutoa dhahabu hushika bonde na kula mavuno hadi dhahabu irudi, mayam kwa mayam, hata ikipita miaka. Rupia ilipoporomoka mwaka 1998, aliyekuwa na deni la dhahabu aliliona linapaa mbele ya macho yake na bonde linazidi kuwa mbali. Mume wangu alilikomboa la mama yake kwa mshahara wa Chow Kit, akinunua dhahabu kidogo kidogo. Mahari yangu nayo ilihesabiwa kwa mayam, na wanawake waliokuja kunitazama waliuliza idadi kabla ya jina langu. Haikupita muda jamaa mmoja akaja kuniomba niishike rehani ya bonde lake, apate ada ya mwanawe. Wako masheikh wanaosema kula mavuno ya rehani ni riba, na moyo wangu uliegemea kwao. Nilimpa dhahabu kwa karadha, bonde akabaki nalo mwenyewe.

Katika kijiji kizima, mke aliyekaa kwa wakwe nilikuwa mimi tu. Sina mama huko wa kunijengea, na sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inampa haki ya umiliki kamili raia peke yake. Nilimwambia wifi kwamba naona haya kukalia nyumba yake. Akanishika mkono: "Hapa hakuna wa kukutoa, dada. Wa kutolewa labda yeye." Akamwonyesha kaka yake kwa kidole, na mama mkwe akaitikia kwa kichwa.

Kisha ikavunjika ndoa ya jirani. Mkuu wa kijiji, imamu na wazee wanne wa baraza walikaa sebule ya mbele ya nyumba ya mke, wakajaribu kusuluhisha, ikashindikana. Wakahesabu mali iliyochumwa pamoja katika ndoa: pikipiki na ng'ombe wawili. Mume akachukua pikipiki, mke ng'ombe. Nyumba haikutajwa kabisa. Hapakuwa na la kuijadili. Yule bwana alifunga begi lake kwa mpira kwenye kiti cha nyuma, akampa mkono baba mkwe, akawabusu watoto, akaenda kwa mama yake, kijiji cha tatu kutoka pale. Jioni ile ile mke alipika jikoni kwake. Magharibi ilipoingia watoto wakatoka na misahafu yao kwenda chuoni kwa njia ile ile ya kila siku, na mimi nikawatazama mpaka wakapotea, machozi yakinitoka. Kama ningekuwa na watoto wa ndoa ya kwanza, wangekuwa wamepanda gari la ng'ombe pamoja nami.

Sisemi Aceh ni pepo. Mzigo wa shamba umewalemea wanawake, na mume aliye mbali anaweza kusahau njia ya kurudi. Kwenye pwani iliyofutwa na tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, nimeonyeshwa na mama mmoja hati ya kiwanja alichorithishwa na mama yake, imeandikwa jina la mumewe kwa kuwa ndiye mkuu wa kaya. Karatasi inaweza kumaliza kwa siku moja kilicholindwa na kijiji kwa vizazi. Lakini nimeona pia mila hiyo ilichookoa. Vita vya waasi wa Aceh na serikali ya Indonesia vilidumu tangu 1976 hadi mkataba wa amani wa Helsinki wa Agosti 15, 2005, na katika miaka ya operesheni ya kijeshi, 1989 hadi 1998, Pidie iliumia sana; waliofikishwa Rumoh Geudong, nyumba iliyogeuzwa mahali pa kutesea watu, wengine hawakurudi. Wanaume waliuawa au walikimbilia Malaysia. Wajane walibaki, nao walibaki majumbani mwao. Hakuna shemeji aliyekuja kudai funguo.

Mwaka 2018 tulikwenda Pemba, mimi, mume wangu na binti yetu. Baada ya alasiri, barazani, mume wangu alimweleza baba mambo ya kwao. Baba ni mtu wa darsa. Hakujibu siku ile, alikwenda kwa sheikh wake. Aliporudi alikuwa na mambo mawili. La kwanza, hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alitaka kumpa zawadi yeye peke yake na Mtume akamkataza kuwabagua watoto. La pili, hiba haitimii kwa maneno: lazima ipokewe na ikabidhiwe. Akiandika karatasi na kuiweka kabatini mpaka afe, huo ni wasia, na mrithi hausiwi.

Basi akagawa akiwa hai. Nyumba ya Wete akatupa mimi na dada yangu. Mikarafuu yote akawapa kaka zetu. Siku ya kukabidhi, baba na mama walitoa vitu vyao vyote, hata kitanda na jiko la mkaa, wakahamia kwa ami yetu, nyumba ikabaki tupu. Sheha na mashahidi wakaingia chumba kwa chumba. Walilala kwa ami siku tatu, kisha mimi na dada tukawafuata kuwaomba waje wakae kwetu maisha yao yote. Mama alicheka njia nzima. Kaka yangu wa pili hakusema nasi kwa muda mrefu, na sikumlaumu. Alikulia humo kama sisi. Yule mkubwa ana mabinti wanne, na mwaka uliofuata alikuja kuniuliza mashahidi walikuwa wangapi na karatasi iliandikwaje.

Binti yangu alizaliwa 2014. Kwa sheria ya uraia ya Indonesia ya mwaka 2006, mtoto wa ndoa kama yetu huruhusiwa uraia wa nchi mbili hadi miaka 18, kisha ana miaka mitatu ya kuchagua mmoja. Kwa mila ya Pidie nyumba humfikia binti kupitia kwa mama, na mama yake ni mgeni. Hata hivyo wifi, ambaye ana mabinti watatu, amepima uani viwanja vinne. Kwa upande wa Wete, sehemu yangu ya nyumba nimempa hiba binti yangu. Yeye ni mdogo, hivyo anayempokelea ni walii wake, yaani baba yake, na mume wangu alizipokea funguo kwa niaba yake mbele ya sheha. Kuhusu kile kiwanja cha nne, tumekubaliana na wifi kisijengwe wala kuandikishwa kwa jina la mtu mwingine mpaka mwenyewe achague uraia wake.